Mgeni Rasmi wa Hoteli ya Kobe

Nchi yetu ipo, msiwasikilize wanaosema imekwisha. Ina bendera, ina uwanja wa ndege, na ina serikali inayopenda watoto kiasi kwamba haiwezi kuwaona wakicheza ikanyamaza. Haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, tena nikiwa nimekaa viti vya mbele, na sina nia ya kumsema mtu. Atakayejiona humu ndani, hilo ni lake na kioo chake.

Nianze na mjukuu wangu. Anaitwa Mwatumu, ana miaka minne, na mwanzoni mwa mwaka aliugua homa mbaya iliyotufanya tukae hospitalini tukimtazama anavyopumua. Homa ilipoondoka iliondoka na hamu yake ya kula. Ukimsogezea kijiko anafumba mdomo, anageukia ukutani. Mama yake, Tatu, ambaye ni binti yangu wa mwisho, alibembeleza, akafoka, akalia. Mimi niliimba nyimbo ambazo mtu wa umri wangu hapaswi kuziimba majirani wakisikia. Wapi! Muuguzi wa kliniki, Bi. Staha, alimweka kwenye mzani, akautazama mzani kwa muda, akasema, "Mama Mwatumu, uzito ukishuka tena tunamlaza, tunamlisha kwa mpira wa puani. Sikutishi. Nakwambia ili ujue."

Tuliogopa sana. Nani asingeogopa?

Kilichotuokoa ni gemu la simu linaloitwa Hoteli ya Kobe. Lilitengenezwa na binti mmoja wa hapahapa nchini, Chausiku, ambaye wakati huo sikumjua hata kwa sura. Ndani yake kuna kobe mwenye hoteli, amevaa aproni. Wateja wanaingia: sungura, twiga, fisi, tembo. Kila mmoja anaagiza chakula, na mtoto anayecheza ndiye mpishi. Anakata vitunguu kwa kidole, anakoroga sufuria, anageuza chapati. Lakini kabla sahani haijatoka jikoni, Kobe anasema kwa sauti nzito, "Mpishi aonje kwanza!" Mtoto anagusa kijiko, kijiko kinapanda, inasikika nyam nyam, ndipo mteja anapelekewa.

Siku ya kwanza Mwatumu aliposikia "Mpishi aonje kwanza" alifunua mdomo. Mdomo wake wa kweli, huu wa usoni. Tatu alikuwa karibu na bakuli la uji, hakuzubaa. Kijiko kikaingia, kikatoka kitupu. Sungura akala, Mwatumu akala. Twiga akala, Mwatumu akala. Aliyetufaa kuliko wote ni fisi, maana fisi haishi kuagiza. Bakuli lilipoisha binti yangu aliketi chini palepale jikoni akalia kwa furaha, na mimi nikatoka uani nikajifanya nawatazama kuku. Wiki zilizofuata mzani wa Bi. Staha ulianza kupanda, na nyumba yetu ikawa ya watu wanaocheka tena.

Hapo ndipo serikali ilipoingia.

Inasemekana Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa akipita sebuleni kwake, akamwona mjukuu wake ameinamia simu. Akauliza, "Huyu anafanya nini?" Msaidizi mmoja akajibu, "Anapika, Mheshimiwa." Mheshimiwa Mlezi Mkuu akasema, "Hm." Kisha akaenda zake kupumzika.

Taifa zima halikulala. Hm ile ilikuwa ya kufurahi au ya kukasirika? Wataalamu waliitwa redioni kuichambua. Mmoja alisema ilianzia kifuani, kwa hiyo ni ya upendo. Mwingine alisema ilipitia puani, kwa hiyo watu wajiandae. Baraza la Mawaziri halikutaka kubahatisha, likaunda Kamati ya Taifa ya Kutathmini Magemu ya Mapishi kwa Watoto Wadogo, na kwa kuwa nchini kulikuwa na gemu moja tu la namna hiyo, kamati ikaanza nalo.

Mimi niliteuliwa kuwakilisha wazazi na walezi. Msinione mtu mkubwa. Walitafuta raia ambaye hajawahi kuuliza swali katika mkutano wa hadhara, na mwenyekiti wa mtaa wetu akanitaja bila hata kufikiri. Nilifurahi, sitaficha. Nilimwambia Tatu, "Mwanangu, tulia. Gemu letu lina mtu ndani." Tatu akanitazama, akasema, "Sawa, baba. Ila uwaambie kuhusu mtoto. Usiende kukaa tu." Nikamwahidi.

Kikao cha kwanza kilimalizikia kwenye swali la hili gemu ni kitu gani hasa. Wizara ya Michezo ilisema ni mchezo. Wizara ya Hoteli ilisema kitu chenye jina la hoteli, chenye mpishi na wateja, ni hoteli, na hoteli haifunguliwi bila kukaguliwa. Wizara ya Hoteli ilikuwa na magari mengi zaidi, ikashinda. Akaletwa bwana afya, amevaa koti jeupe na buti, akakabidhiwa simu. Aliigeuzageuza, akainusa, akauliza choo cha wateja kiko upande gani.

Chausiku alikuwa ameitwa kujibu maswali. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya upole, kajifunga mtandio, na alidhani ameitwa kupongezwa. Akasema, "Samahani, kaka yangu, ni picha tu. Wanyama hawaendi chooni."

"Wanakula?"

"Wanakula, ndiyo."

"Basi watakwenda," alisema bwana afya. "Na huyu kobe, cheti chake cha afya kiko wapi? Mpishi hana kofia. Na huyo fisi sijui kama alistahili kuingia." Akaamuru choo kijengwe, cha wanawake na cha wanaume, na mtoto anayecheza asiweze kuwasha jiko mpaka aoshe vyoo vyote viwili. Wajumbe tukapiga makofi kwa sababu usafi ni jambo jema.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti wetu alisema kamati haiwezi kutathmini kitu isichokijua, kwa hiyo atacheza yeye mwenyewe kwa niaba ya taifa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Balozi Mstaafu Mang'ombe, mtu mkubwa wa umbo na wa cheo, ambaye hata salamu huitoa kwa hotuba. Alivaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili, akaanza. Sungura aliagiza chapati. Chapati ikaungua. Twiga aliagiza mchicha. Mheshimiwa akaumwaga sakafuni. Fisi alisubiri, akasubiri, akanuna, mwishowe akainuka akatoka na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Mheshimiwa alivua miwani.

"Huyu," alisema, "ameondoka?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Chausiku. "Mteja akicheleweshwa sana anaondoka. Ni kumfundisha mtoto asiwasubirishe watu."

"Ameondoka amenuna."

"Ndiyo."

"Bila kuruhusiwa." Mheshimiwa alisimama. "Ndugu wajumbe! Leo fisi ananuna na kutoka katika hoteli. Kesho mtoto aliyemwona atakuwa kijana, na kijana huyo atakuwa kwenye foleni ya maji, foleni ya sukari, foleni ya hospitali. Atafanya nini? Ataiga! Taifa hili limejengwa juu ya subira, na subira yenyewe imejengwa juu ya tabasamu. Naagiza kwamba kuanzia sasa hakuna mnyama atakayenuna. Wasubiri, na wasubiri wakitabasamu."

Tulipiga makofi tena. Mimi nilipiga taratibu kidogo, maana nilikuwa napanga namna ya kuleta habari ya Mwatumu. Niliona bado si wakati wake.

Basi tukaja kwenye jambo kubwa. Ninyi mnaoishi nchi nyingine huenda hamjui, lakini kwetu hakuna shughuli isiyo na mgeni rasmi. Ukifungua kisima, ukigawa vyandarua, ukizindua ufagio, lazima awepo mgeni rasmi, na lazima achelewe, maana anayewahi ataonekana hana kazi nyingine. Kabla hajafika hakuna anayekula. Pilau inakaa kwenye masufuria, watu wanakaa kwenye jua, na msema chochote mwenye kipaza sauti anawaambia mgeni rasmi yuko njiani. Tumezaliwa hivyo, na wengi tumezeeka hivyo.

Aliyeiona kasoro ni Kanali Tumbwe, mjumbe wa masuala ya ulinzi, mtu asiyecheka. Alikuwa akimtazama Mheshimiwa akicheza, mara akapiga meza.

"Simamisha hapo! Huyo tembo amevaa nini?"

"Koti na tai, afande," Chausiku akajibu.

"Na amekaa wapi?"

"Nyuma ya sungura."

Kanali akatugeukia. "Mmesikia. Mnyama mwenye koti na tai yuko nyuma ya sungura asiye hata na shati. Anahudumiwa nani kwanza?"

"Aliyetangulia kufika, afande," alisema Chausiku.

Sijawahi kuona ukumbi ukishtuka vile. Mjumbe mmoja alijimwagia maji ya kunywa. Na balaa lilikuwa bado, kwa sababu wakati huohuo Kobe, kwa sauti yake ileile nzito, akasema, "Mpishi aonje kwanza!"

"Mpishi aonje?" Kanali alikuwa ameshasimama. "Kabla ya mgeni? Nchi hii kuonja chakula kabla ya mgeni ni kazi ya idara yangu! Nina vijana wamesomea nje ya nchi kuonja tu! Leo kila mtoto mwenye simu anaonja?"

Hapo nilijua nisiponyanyua mkono nitakuwa nimemwuza mjukuu wangu. Nikanyanyua. Wajumbe walinigeukia kwa mshangao, maana walikwishazoea kuniona kama sehemu ya kiti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "hapo kwenye kuonja, naomba mpaache. Nina mjukuu. Aliumwa, akaacha kula kabisa. Kobe akisema mpishi aonje, anafunua mdomo, tunamlisha. Pakiondolewa hapo, mtoto hali. Asipokula, kliniki watampachika mpira puani. Naomba sana, kwa heshima zote."

Nilikaa. Mheshimiwa Mang'ombe alinitazama kwa macho ya huruma. Ninasema kweli, yalikuwa ya huruma.

"Ndugu zangu," alisema, "mchango wa mzee wetu ni mzito. Umetugusa. Mimi mwenyewe nimeguswa. Naomba tumpigie mzee makofi." Wakanipigia makofi. "Sasa tuendelee. Itaamuliwa kwamba mpishi ataonja baada ya mgeni rasmi kuonja. Kwa hiyo, mzee, kuonja hakukuondolewa. Kumepangiwa mahali pake."

Nilishukuru. Mngetaka nifanye nini? Mtu akikupigia makofi unashukuru.

Sasa ikabidi gemu liwe na mgeni rasmi, na hapo kamati ilikwama kwa vikao kadhaa. Awe mnyama gani? Mjumbe mmoja alisema simba. Mara mwenzake akamwuliza kwa upole kama anamaanisha kwamba viongozi wetu wanakula watu, na yule wa simba akaanza kukohoa na hakuongea tena mpaka kamati ilipovunjwa. Mwingine alisema awe tai, akaulizwa kama ana habari za safari za nje za Mheshimiwa Mlezi Mkuu. Twiga alionekana ana shingo ya kuchungulia. Nyumbu hakuna aliyethubutu kumtaja, ila niliona kila mtu amemfikiria, kwa sababu wote tuliinamisha vichwa kwa pamoja.

Mheshimiwa Mang'ombe akatukwamua. "Mgeni rasmi hatachorwa," alisema. "Atakuwepo, ila hataonekana. Patakuwa na meza kuu, na kiti kikubwa chenye kitambaa, na sauti itatangaza kwamba yuko njiani."

Chausiku alikuwa amekaa pembeni muda wote amejikunyata. Akauliza, "Chakula kitaliwa saa ngapi, mheshimiwa?"

"Akishafika."

"Lakini asipochorwa hawezi kufika. Mtoto atapika, ataandaa meza, halafu basi. Mheshimiwa, hawa ni watoto wa miaka mitatu, minne. Hawajui itifaki."

"Ndiyo maana tunawawahi," alisema Mheshimiwa.

"Na atafika lini?"

"Binti, ratiba ya mgeni rasmi ni siri ya serikali. Hata mimi siijui, na sijawahi kuuliza."

Ikapigwa kura. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ilinyooka, na wa kwangu ulikuwamo. Nilikuwa nimeukalia, lakini Kanali alinitazama, na nilipokuja kushtuka ulikuwa juu pamoja na mingine. Nilimwona Chausiku anaufuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilimfuata nje.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huwezi kutuachia lile la zamani? Kwenye simu moja tu. Sitamwambia mtu."

Alitikisa kichwa. "Wamechukua kila kitu, mzee. Wakibonyeza wao, la zamani linafutika kwenye simu zote, jipya linaingia. Hata langu mwenyewe litafutika. Mimi wamenipa cheo, eti mshauri. Nimekatazwa kushauri." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Nisamehe, mzee. Mimi nilitaka watoto wapike tu."

Nilimwambia hana kosa. Nilitaka kusema zaidi, lakini gari la kamati lilikuwa linapiga honi.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa taifa. Watoto waliletwa wamevaa kofia za mpishi, wakapangwa sakafuni mbele ya kioo kikubwa kinachoonyesha gemu jipya. Wanyama wote walikuwa mezani wakitabasamu, vyoo vikimeremeta, chakula kimefunikwa. Sauti iliyosikika haikuwa tena ya Kobe. Mheshimiwa Mang'ombe alikuwa amejirekodi mwenyewe: "Mgeni rasmi yuko njiani. Tuendelee kutulia." Na mgeni rasmi wa uzinduzi wenyewe naye alikuwa njiani, kwa hiyo ukumbini palikuwa na kungoja kuwili, kwa wanyama kwenye kioo na kwetu sisi, na baada ya muda sikuweza kutofautisha. Watoto wengine walisinzia. Mmoja alijikojolea. Jua lilipoanza kuzama tulitangaziwa kwamba mgeni rasmi amemtuma mwakilishi, na mwakilishi yuko njiani. Gazeti la serikali liliandika kesho yake: WATOTO WAFURAHIA KUSUBIRI.

Narudi nyumbani.

Asubuhi hiyohiyo ya gazeti, gemu jipya lilikuwa limeshaingia kwenye simu ya Tatu bila kubisha hodi. Mwatumu alilifungua kama kawaida yake. Aliosha vyoo vyote viwili, na aliviosha vizuri, ni mtoto mwelekevu. Akapika ndizi, akapika maharage, akapanga sahani. Tatu alikuwa pembeni ameshika bakuli la uji, kijiko kiko tayari.

"Mgeni rasmi yuko njiani. Tuendelee kutulia."

Mwatumu akaweka simu chini, akakunja mikono mapajani, akatabasamu.

"Mpishi aonje kwanza!" alisema Tatu, akiiga ile sauti nzito.

"Bado, mama. Hajafika."

"Kijiko kimoja tu, mwanangu. Hataona."

Mwatumu alishtuka, akamtazama mama yake kwa aibu, kana kwamba amesema neno baya mbele ya watu. Akafumba mdomo. Mchana ikawa vilevile, na kesho yake vilevile. Tulijaribu kuificha simu, akasubiri bila simu. Tulimleta paka mezani tukamwita sungura, akampangia mahali pa kukaa na kumwambia atulie. Bi. Staha akampima tena. Alimshika Tatu begani, akamwambia amlete Jumatatu na nguo za kubadilisha.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa Mang'ombe. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wengine wenye shida zao, na kijana wa mapokezi alikuwa anatuambia Mheshimiwa yuko njiani. Nikaondoka.

Jumapili mchana nilikata shauri. Niliazima koti la jirani, nikafunga tai, nikavaa viatu vya msikitini nilivyovipiga rangi. Nilitoka uani kwa nyuma nikazunguka mpaka mlango wa mbele. Nilijiona mjinga. Nikagonga kwa nguvu kama wanavyogonga wao.

Tatu alifungua, akanitazama, akaelewa hapohapo. Akajitengeneza kanga, akasema kwa sauti kubwa, "Karibu, Mgeni Rasmi! Karibu mheshimiwa! Mwatumu, amefika!"

Niliingia kifua mbele. Mjukuu wangu alikuwa mkekani mbele ya bakuli lake, amekonda, macho yamekuwa makubwa usoni. Alisimama kwa heshima. Niliona mdomo wake unaanza kufunguka, kidogo, na Tatu akanyanyua kijiko. Nikasema kwa sauti ya kutoka tumboni, "Mimi ndiye mgeni rasmi. Nimekuja. Sasa watu wale!"

Mwatumu alinitazama kuanzia viatu mpaka tai. Akachungulia nyuma yangu, nje, barabarani, ambako hakukuwa na gari wala mtu. Kisha akaja akanishika mkono, vidole vyake vyepesi mno, na hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Babu," alisema, "mgeni rasmi huwa haji."

Akanivuta mpaka mkekani, akanikalisha karibu yake, akanifunika magoti kwa upande wa kanga yake. Tatu alikuwa bado amenyanyua kijiko. Nikakaa. Uji ukaanza kufanya utando.